Anayemletea Baba Uji

Ilomba, Mbeya
Jumapili, 4 Februari 2024

Basi wifi, kiatu cha pili kilikuwa kimenasa kwenye ufa wa ubao pale jukwaani. Barua ile nyingine nilikatishia hapohapo, maana mumeo alikuwa anapiga honi nje kama anafukuza ng'ombe, eti lori halimsubiri mtu. Sasa nakumalizia. Mama mchungaji akainama avute kiatu chake, kiatu kikatoka, kisigino kikabaki. Mchungaji anahubiri, kisigino kimesimama pembeni yake kama shahidi. Tuliimba pambio la mwisho tumefunika midomo na vitenge. Mimi nilitoka nje kabla ya baraka, nikasingizia kikohozi.

Sisi huku wazima. Lea binti yangu kahamia kwangu mpaka atakapojifungua, mume wake kaenda kutafuta kazi Tunduma. Anakula udongo wifi, ukuta wa jiko uko mashakani. Ndizi sokoni zimejaa, mvua imezidi, mteja anapapasa mkungu mzima halafu anaondoka na vidole vitatu. Bila shaka na nyie baridi yenu mnayo, mnaivaa kama koti la urithi. Goodness anasemaje huko chuoni Njombe? Mwambie shangazi yake anamdai salamu.

Nimeamua kuandika, kupiga siwezi. Simu yangu imekwama kwenye sauti kubwa, nikisema haloo jirani ndiye anaitika. Halafu baba masikio yake ni ya paka tangu macho yalivyofunga, hata ukiongelea uani kwako atasikia. Kwa hiyo nakuandikia na kaka yangu ndiye atakayebeba, nimebandika bahasha kwa ugali. Nikisikia imefunguliwa namjua mfunguaji.

Sasa sikiliza. Lusekelo kaniambia, mguu mmoja chini mmoja ndani ya lori, kwamba kambi ya macho imekuja hapo Iringa na imeondoka na baba hajapasuliwa. Eti kakataa. Eti nesi kasema mzee ana imani za kishirikina. Mimi nikamwambia, Lusekelo, baba yetu ni mzee wa kanisa toka sijazaliwa, ushirikina kautoa wapi, kaununua njiani? Akawasha gari.

Niambie wewe uliyekuwepo. Mtoto wa jicho ni kitu cha kukata na kutoa, mama Philbert wa hapa Ilomba katolewa macho yote mawili na sasa anaona mpaka mambo ambayo hayamhusu. Baba anakaa gizani mwaka wa pili huu. Kambi ni mara mbili tu kwa mwaka. Kulikoni?

Mimi wifi yako,
Tumpe


Kihesa, Iringa
Jumamosi, 2 Machi 2024

Wifi Tumpe, kamwene.

Barua yako ilifika inanuka dizeli lakini ugali ulikuwa haujaguswa. Nimeisoma jikoni. Nimecheka ya kisigino mpaka mboga ikaungua.

Sisi hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri. Goodness alipiga Jumatatu, anasema chuo kigumu na chakula kigumu zaidi. Kaka yako, yaani mume wangu, anaonekana nyumbani kama mgeni wa heshima. Mzee hajambo. Anakula, anaota jua asubuhi, anasikiliza redio.

Ya kambi ilikuwa hivi. Siku ya kwanza Lusekelo alikuwa safarini, nikampeleka mimi kwa fimbo kama kawaida. Tulifika mapema. Wenye kadi ya bima waliitwa kwenye chumba chao, wakakaa kwenye viti, wakamaliza. Sisi wengine tulipangwa kwenye majani nje, wazee wa vijijini wengi, wengine wamelala njiani. Nilipofika dirishani dada wa mapokezi akaniuliza jina la mgonjwa.

Wifi, unajua mwenyewe kwenu mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake. Nikanyamaza. Akauliza tena kwa sauti, watu wanageuka. Nikamwambia, muulize mwenyewe huyu hapa nyuma yangu. Akamuuliza. Na mzee naye akanyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale, hawezi kujitaja mbele yangu. Basi tumesimama wawili kama magogo. Yule dada akaniuliza huyu mzee umemuokota wapi. Akaandika kwamba haongei na hana ndugu, tukapelekwa kwenye benchi la watu wasiojulikana kusubiri afisa ustawi. Afisa alikuja jioni, kambi imefunga.

Siku ya pili Lusekelo alikuwepo. Yaliyotokea umeshayasikia kwake.

Nakutumia maharage, ni ya mwaka huu, usiyachanganye na ya zamani.

Evarista


Ilomba
Jumapili, 10 Machi 2024

Wewe Evarista, umenifanya nicheke na kulia kwa pamoja, na sokoni hapa watu wanadhani nimepokea taarifa ya msiba. Umemuokota wapi! Baba yangu, Angetile mwana wa Mwakyoma, kaokotwa Iringa kama mwavuli. Ona, mimi nalitaja jina lake hata mara kumi, ni langu. Maharage tumeyapokea, ndaga sana, yaliiva kabla sijamaliza kumsema mama mwenye nyumba.

Hao watu wa hospitali nawajua, dada. Mtu akiwa hana Kiswahili chepesi wanampigia kelele kama kiziwi. Mzee wa watu anaelewa, anatafuta tu neno lilipo, wao wameshageukia mwingine. Ukiwa na bima wanakusubiri ulitafute hilo neno.

Haya. Sasa mimi darasa nimeishia la nne lakini kusoma najua. Umeandika ulimpeleka kwa fimbo KAMA KAWAIDA. Kawaida gani? Tangu uolewe na kaka yangu, miaka ishirini na kitu, wewe na baba hamjawahi kuonana uso. Akija mbele unatokea nyuma. Mama yetu alipokufa tulikubaliana baba akae kwenu kwa sababu Goodness alikuwepo, Goodness amhudumie babu yake, wewe ubaki jikoni na heshima yako. Sasa Goodness yuko Njombe tangu Oktoba. Lusekelo yuko barabarani. Nani anamlisha baba? Nani anamwongoza chooni? Msichana wa kazi huna, ungekuwa naye ningeshajua jina lake na la mchumba wake.

Na hiyo siku ya pili umeiruka kama dimbwi. Lusekelo anasema baba alikataa kwa kinywa chake. Baba haogopi kisu, alishang'olewa jino na fundi wa baiskeli.

Usinizungushe.

Tumpe


Kihesa
Jumanne, 21 Mei 2024

Wifi Tumpe,

Pole kwa kukaa kimya. Lusekelo aliniletea simu zako tatu kwa mdomo, ya kwanza ya salamu, ya pili ya ukali, ya tatu ya kutaka kujua kama nimekufa. Sijafa. Nimevuna. Mvua iliharibu ua wa jiko tukaujenga upya. Mama yangu kule Kalenga aliumwa miguu, amepona. Goodness kafaulu mtihani wa kwanza. Lea bado? Mwambie ukuta una chawa, labda ataacha.

Umeuliza nani anamlisha.

Goodness alipoondoka, nilimtafuta mtu sikumpata. Siku ile ya kwanza nilisimama na kikombe cha uji mlangoni pake, mzee amekaa kitandani anasikiliza. Nikajisemea, haoni. Mtu asiyeona hajaniona. Nikaingia kwa vidole vya miguu, nikaweka kikombe kwenye stuli, nikagonga stuli mara mbili kama alivyokuwa anafanya Goodness. Akanyoosha mkono, akanywa mpaka chini. Akasema, ndaga, Goodness.

Wifi, Goodness alimuaga jana yake. Alimpigia magoti, babu yake akambariki kwa kumpaka mate kwenye paji, binti akalia mpaka basi likampigia honi. Mzee anajua kabisa mjukuu wake hayupo.

Tangu hapo ni hivyo kila siku. Naweka, nagonga, ananishukuru kwa jina la mwanangu. Akitaka kwenda nje, fimbo ya mwanzi mimi nashika mbele yeye anashika nyuma, mkono haugusi mkono. Sisemi neno. Yeye husema peke yake, Goodness leo jua zuri, Goodness mahindi yananukia yamekomaa. Goodness mwenyewe alipokuja Pasaka, babu yake kamkumbatia, kamsikia sauti, na kesho yake asubuhi binti amelala fofofo, mimi nimepeleka uji, nikasikia ndaga, Goodness.

Siku ya pili ya kambi Lusekelo alimpeleka, jina likaandikwa vizuri. Mimi nilifuata mbali kidogo na chakula. Alifika mpaka kwenye benchi la wanaosubiri kuingia, wakamtia matone ya dawa. Halafu akasimama akasema nirudisheni nyumbani. Nesi akamuuliza anaogopa nini, akasema haogopi kitu. Nesi akamuuliza kama ni mambo ya mila. Akasema ndiyo, ni mila. Basi ikaandikwa mila. Hakuna aliyeuliza mila gani.

Jioni nilipoweka kikombe alikizungusha mikononi bila kunywa. Halafu akasema, "Ndaga, Goodness. Bora hivihivi."

Wewe ni mtoto wake. Malizia mwenyewe.

Evarista


Ilomba
Jumatatu, 3 Juni 2024

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nimekaa chini. Hata salamu nitaziweka mwisho leo, na unajua kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kwa hiyo baba anaona macho yakifunguka atakukosa. Mimi nilikuwa nafikiri anaogopa kisu, nesi anafikiri anaogopa wachawi, kumbe anaogopa kuona. Maana akikuona itabidi wewe ukimbie, yeye ajifunike, na nyumba ile ina vyumba viwili na korido. Atakaa na macho yake mazuri peke yake chumbani. Kachagua giza na uji. Jamani baba.

Sikulala na hilo neno, Jumamosi nikapanda gari mpaka Tukuyu kwa shangazi yetu Ikupa, dada yake baba, na kilo mbili za sukari. Nikamuuliza, shangazi, hii kitu ya mkwe na mkamwana inafunguliwaje? Akapokea sukari kwanza. Akasema haifunguliwi. Nikamwambia mbona siku hizi vijana wanakaa na wakwe zao meza moja wanaangalia tamthilia. Akasema hao siyo watu. Nikamuuliza, mkwe akiugua zamani ilikuwaje, akasema mkamwana alikuwa anaingia kinyumenyume. Nikamuuliza, na akijikwaa? Akasema alikuwa hajikwai. Nikaona hapa sukari imekwenda bure. Wakati natoka akanisindikiza mpaka kwenye migomba, akauliza wewe Mhehe ni nani alikulazimisha kushika mila ambayo siyo ya kwenu, maana yeye wakamwana zake wa kabila hilihili wanamwita jina. Nikamwambia hilo swali hata mimi ninalo. Nakuuliza sasa.

Basi nimepanga. Kambi ya Agosti nakuja mwenyewe. Nitamshika baba mkono mimi, nitataja jina lake dirishani mpaka wachoke. Akifunguliwa bandeji uso wa kwanza utakuwa wangu, pole yake. Wewe utakuwa Kalenga kwa mama yako. Baada ya hapo sijui. Nikifika kwenye baada ya hapo nafikiri hata mimi ningekataa.

Lakini kuna kitu wewe unaweza na mimi siwezi, niko mbali. Yule nesi aliyeandika mila. Mwendee. Mwambie ni mila gani. Usiogope kwamba atakucheka, akikucheka niambie jina lake. Mtu anaandika neno moja kwenye karatasi na mzee wa watu anakaa gizani nusu mwaka zaidi kwa ajili ya hilo neno, halafu sisi tumenyamaza, naye anajuaje?

Salamu sasa. Lea anakaribia. Ukuta umepona, amehamia kwenye barafu. Mimi kiuno tu. Nimekutumia mchele wa Kyela, usimpe mtu mwingine kabla wewe hujala, nakujua.

Tumpe


Kihesa
Ijumaa, 30 Agosti 2024

Wifi Tumpe, kamwene, na hongera ya mjukuu.

Tulikusubiri stendi mpaka basi la mwisho. Hasira zangu ziliisha Lusekelo aliposema Lea kashikwa uchungu siku uliyokata tiketi. Mtoto wa kike, nasikia, na kichwa cha Mwakyoma. Mungu amtunze. Mchele tulikula. Nilikula wa kwanza, usiku nikaota umenishika mkono unahakikisha.

Sasa kaa vizuri, nami leo nitaandika kama wewe.

Nilimwendea yule nesi mwezi wa saba. Anaitwa Amna, ni mtoto wa wale wafanyabiashara wa vitambaa wa mjini, babu zao walitoka pwani. Nilimkuta anakula chapati nje ya wodi. Nikamweleza yote, jina, fimbo, uji. Nilikuwa nasubiri acheke. Akaweka chapati chini. Akasema bibi yake mwenyewe alikufa na uvimbe ambao hakutaka kumwonyesha daktari mwanamume, na kwenye karatasi yake pia waliandika neno moja tu, mbishi. Akaniuliza nyumbani ni wapi.

Alikuja Jumamosi, bila sare. Akamsalimia mzee, ugonile, vibaya kabisa, mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta, mwiko mkononi. Akakaa kwenye stuli ya uji. Akazungumza taratibu, akawa anasubiri, mzee akitafuta neno yeye anangoja tu. Mwisho akamuuliza, babu ulisema ni mila, mila gani?

Mzee akapapasa redio, akaizima. Akasema, "Humu ndani kuna mtu. Nikiona, itabidi ahame."

Mwiko ulinianguka. Wote wawili walisikia, wakajifanya hawajasikia.

Amna hakumwambia mila imepitwa na wakati. Akaanza kumweleza kazi yenyewe itakavyokuwa, jicho moja kwanza, bandeji siku moja, halafu miwani nyeusi ya kukinga mwanga. Mzee akamkatisha. Akauliza hiyo miwani ikoje. Amna akasema nyeusi tii, babu. Akauliza, mtu mwingine anaona macho yangu ndani yake? Amna akasema haoni, anaona miwani tu. Mzee akafikiri. Wifi, nilihesabu maharage kwenye sahani nzima kwa kungoja. Akasema basi, niandike.

Siku ya kambi tulikwenda mimi na yeye na fimbo, kwa sababu wewe ulikuwa leba na Lusekelo alikuwa amekwama Igawa, gurudumu. Dirishani alikuwepo dada yuleyule. Sikuamini. Hakuniuliza jina. Alisema mgonjwa asogee ajitaje mwenyewe, na wewe mama kakae pale kwenye benchi la mbali. Anafanya hivyo kwa watu wote siku hizi, Amna kawaambia. Kuna mama mmoja naye alikuja kukaa benchi lile lile la mbali, ni wa kabila lingine kabisa, hakusema sababu yake nami sikumuuliza. Wenye bima bado wana chumba chao, hilo halijabadilika. Lakini sisi wa majani tuliwekewa turubai.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Nilikuwa nje ya mlango, kanga kichwani mpaka kidevuni. Nikasikia Amna anamuuliza hivi ni vidole vingapi, mzee akajibu vizuri, halafu akamwambia wewe bado ni mtoto mdogo, sauti yako kubwa kuliko wewe. Halafu akaomba miwani. Ndani, wifi, ambako hakuna jua. Akasema, "Mwambieni Goodness alete fimbo."

Nikaingia kinyumenyume. Shangazi Ikupa alisema hawajikwai, mimi nilijikwaa kwenye ndoo. Nikanyoosha fimbo nyuma yangu, ikashikwa. Tukatoka. Amna alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sare yake.

Tukashuka barabara, mimi mbele natazama mbele, yeye nyuma. Sikujua anaona kiasi gani. Nilikuwa nalia na kanga imenishukia machoni, nikawa sioni mtaro uliochimbwa jana yake. Nikainua mguu. Fimbo ikavutwa nyuma kwa nguvu. Nikasimama. Mtaro ulikuwa hapo, hatua moja, una kina cha mtu. Tulisimama hivyo. Halafu fimbo ikasukumwa kidogo upande wa kulia, palipowekwa ubao, nikaenda kulia.

Tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Umeniuliza nani alinilazimisha. Hakuna. Nyumbani kwetu baba alikuwa akiingia sisi tunatawanyika kwa kuogopa kipigo. Nilipoolewa kwenu nikakuta mzee anayekohoa tangu njiani, anasimama nje ya ua wake mwenyewe kwenye mvua mpaka mimi nimalize kupita, ili nisione aibu. Mama yenu akanieleza ni desturi. Nikaona hii desturi naitaka.

Yeye miwani haivui. Daktari alisema wiki chache. Anavaa mpaka jikoni kukiwa na giza, anapapasa ukuta kama zamani, na huku anaona. Amna alipokuja kumtia dawa akaniambia pembeni, mwache.

Jicho la pili ni kambi ya Januari. Ameulizia mwenyewe tarehe.

Evarista


Ilomba
Jumapili, 15 Septemba 2024

Wifi yangu wa pekee,

Hii barua yako nimemsomea Lea, nikaisoma tena mwenyewe, halafu nikaificha chini ya godoro, maana jirani alianza kuuliza kwa nini nacheka na kujipangusa. Huo mtaro! Nataka nije niuone huo mtaro. Nataka wauache wazi, waweke na kibao.

Huku mtoto anapumua vizuri na anapiga kelele kama mimi, jina lake wameniachia mimi nichague, nimesema Evarista, baba yake akasema hilo si jina la Kinyakyusa, nikamwambia nyamaza, hilo jina limevuka mtaro. Kwa hiyo una wajina, jiandae kwa zawadi.

Ngoja nikupe na ya leba. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja Msangu katokea vijijini huko, kila nesi akimuuliza kitu ananyamaza anatazama ukuta. Wakaanza, huyu mbishi, huyu haelewi. Wewe unanijua. Nilisimama nikawaambia, dada zangu, hapa kuna mila, labda kuna jina hawezi kulitaja, muulizeni taratibu ni mila gani. Nesi mmoja mpole akakaa naye, akamuuliza taratibu. Kumbe alikuwa na njaa tu, hajala tangu jana yake, hana nguvu ya kujibu. Nimecheka mwenyewe. Nikampa ndizi zangu, akaongea mpaka asubuhi, kumbe ni mmbea kunizidi, kanipa habari za Igawa yote, nyingine siwezi kuziandika. Lakini si unaona, wifi, kuuliza hakukuwa kubaya.

Shangazi Ikupa nimempelekea habari. Alinuna kwanza. Halafu akaniuliza hiyo miwani inauzwa wapi, maana mumewe ana mkamwana mmoja hapo jikoni anayepika vizuri na bado anashika mila, na mzee amechoka kumkwepa. Nimemwambia aulize hospitali, na sukari safari hii alete yeye.

Sasa hili la baba kutovua miwani ndilo nililotaka tuongee vizuri. Mimi naona anatafuta njia. Baba ni mtu wa polepole, kununua koti alizunguka soko miezi. Wewe usimharakishe, wala usijiendee Kalenga, weka uji, gonga stuli, siku moja yeye mwenyewe ata

Subiri, Lea ananiita. Simu yake ya picha inalia, kamaliza kumnyonyesha mtoto anasema ni namba ya kaka yangu. Ana haraka gani huyu, ngoja nimalize mstari. Nilikuwa nasema siku moja yeye mwenyewe atachagua

Wifi. Lea anapiga kelele kule chumbani, anasema mama njoo, babu yumo kwenye simu anataka kumwona kitukuu chake. Anasema babu hana miwani. Anasema macho yake yako wazi yanacheka, na anageuka pembeni anamwambia mtu aliyeshika simu, inua kidogo mama Goodness, mkono wako unatetemeka.

Mama Goodness si ndio wew